Alhamisi za Teresiah Wakiuru Muchiri, 1938–1986

Nilimwona marehemu Teresiah Wakiuru kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 1961, saa nne asubuhi, kwenye mfereji wa maji wa mtaa wa Bahati. Nilikuwa kwenye foleni na debe langu. Mbele yangu akina mama wawili walikuwa wanagombana juu ya nani alifika kwanza, na walikuwa wameshafika mahali pa kutukaniana mama zao. Msichana mmoja mwenye kitambaa cha kijani kichwani akaweka karai lake chini, akasimama katikati yao, akamwuliza yule mrefu:

"Mama, huyu mwenzako amesema nini?"

"Mimi nitajuaje? Kwani namsikia? Si napiga kelele!"

"Basi nyamaza kidogo umsikie, halafu umtukane vizuri."

Foleni yote ilicheka, na mwishowe wale wawili pia wakacheka. Mimi nilisimama nikimtazama yule msichana mpaka zamu yangu ikapita, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimekuja kuteka maji au nimekuja kutazama watu.

Kwa desturi, wasifu wa marehemu husomwa na ndugu au na mtoto mwenye sauti. Shemeji yangu Naftaly alikuwa amekubali kuusoma huu. Nimemwomba aniachie. Wengi wenu mnanijua miaka ishirini na zaidi na hamjawahi kunisikia nikisema mbele ya watu, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo sababu ya kusimama hapa. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie. Maneno ni yangu, na aliyenipigia taipu ni binti yetu Waruguru.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Kangema, Murang'a, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Alibatizwa mwaka 1946. Baba yake alikuwa fundi wa mawe, na mama yake alikuwa mkulima, na wote wawili wametangulia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba Wakiuru akiwa mdogo alikuwa hakubali kwenda kulala kama kuna watu wawili nyumbani hawazungumzi. Alikuwa anakaa katikati yao na kuwatazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja achoke na kusema neno.

Alianza shule mwaka 1947. Mwaka 1952 alikuwa darasa la sita wakati hali ya hatari ilipotangazwa. Shule yake ilifungwa, na familia ikahamishiwa kwenye kijiji cha pamoja. Alikaa miaka miwili bila kushika kitabu. Mwaka 1955 alirudi katika shule ya misheni, na mwaka 1957 akamaliza darasa la nane. Alitaka kuendelea, lakini ndugu zake wadogo nao walikuwa wanangoja karo. Mwaka 1960, watu wetu waliporuhusiwa tena kuingia Nairobi, alikuja kukaa kwa shangazi yake mtaani Bahati, na ndipo nilipomwona.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1962. Wakati huo nilikuwa nashona viatu kwenye kibanda karibu na soko la Burma, na mpaka leo nashona hapo hapo. Mwaka 1964 tulipata nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, mtaa wa Jericho, chumba kimoja na jiko. Mungu alitupa watoto watatu, Waruguru, Johnson na Wanjeri.

Mwaka wa kwanza wa ndoa haukuwa rahisi kwake. Aliolewa na mtu asiyesema. Nikiudhika nilikuwa nanyamaza siku mbili, siku tatu, na yeye hakujua kosa lake ni lipi. Siku moja nilinyamaza tangu Jumatatu hadi Jumatano kwa sababu ya chumvi. Jumatano jioni akachukua sufuria ya njegere, akaja kukaa kando yangu, si mbele yangu, akaanza kumenya. Hakunitazama. Alisema, "Wewe shona, mimi namenya. Ukiwa tayari useme." Nikashona kiatu kizima. Nilipofika kwenye kiatu cha pili nikasema, "Chumvi ni nyingi." Akasema, "Umesema chumvi ni nyingi." Nikasema, "Ndiyo." Akacheka mpaka njegere zikamwagika. Alikuwa amegundua kwamba mimi nikitazamwa usoni maneno hukauka, lakini mikono ikiwa na kazi maneno hutoka kidogo kidogo. Tangu siku hiyo mambo yetu makubwa tuliyazungumza hivyo, tukikaa ubavu kwa ubavu, kila mtu na kazi yake.

Kuanzia Januari 1963 alifundisha shule ya chekechea ya kanisa letu. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wako hapa leo watu wazima wenye ndevu ambao yeye ndiye aliyewafundisha kufunga kamba za viatu, na wakishindwa aliwatuma kwangu.

Mwaka 1972 kanisa lilimtuma Limuru kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya kuwashauri watu wa ndoa na watu waliolemewa moyoni. Alirudi na cheti na daftari lililojaa. Wazee walitaka awe anahubiri kwa akina mama tu, lakini yeye aliomba jambo lingine. Aliomba apewe Alhamisi. Aliwaambia wazee, "Mtu akiumwa jino hatumwambii aombe tu, tunampeleka kwa daktari. Huyu anayeumwa moyo pia apate mahali pa kukaa." Wakakubali.

Basi kuanzia Machi 1973, kila Alhamisi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, watu walikuja nyumbani kwetu Jericho. Watoto walikwenda kwa jirani yetu Mama Apondi. Mimi nilitoka nje na kiti changu na viatu vyangu, nikakaa ukutani nikishona. Marehemu alifagia, akaweka stuli mbili zikitazamana, na yake kando. Walikuja mume na mke, na siku nyingine mtu na mama mkwe wake, au mtu peke yake.

Masharti yake yalikuwa machache. Hakuandika kitu. Hakuruhusu mtu kumjibu mwenzake kabla hajarudia alichosema huyo mwenzake, na arudie mpaka mwenzake akubali, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Watu walikuwa wanatoka wakimlalamikia. Nilimsikia baba mmoja mlangoni akimwambia mkewe, "Huyu mama amenifanya nirudie maneno yako mara nne kama mtoto wa darasa la kwanza." Mke akamjibu, "Na mara ya nne ndiyo umeyasikia." Walikuja wakitembea mmoja mbele na mmoja nyuma, na wakarudi wamelingana.

Sharti la mwisho lilikuwa kwamba yaliyosemwa Alhamisi hayatoki. Hakuniambia mimi, hakumwambia mchungaji, na hakuyataja hata kwenye maombi. Mama mmoja alipomwuliza kwa nini hawaombei watu wake kwa majina pale mbele ya akina mama wenzake, alijibu, "Mungu anawajua. Nyinyi ndio hamwajui, na mkae hivyo hivyo."

Jirani yetu Obura, aliyekuwa anafanya kazi reli, alikuwa hapiti bila kunichokoza. "Fundi, leo tena umetolewa nje kama jiko la makaa? Ukikolea ndio utarudishwa ndani?" Nilikuwa nacheka tu. Kwa kweli nilijivunia. Nilikuwa mume wa mtu ambaye watu walimwamini.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnadhani mnapajua.

Alhamisi tarehe 26 Aprili 1979 kulikuwa na mvua kubwa. Nilikuwa nimekaa nje na viatu vya watu, na vililowa. Nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni. Kati ya jiko na chumba palikuwa na pazia tu. Mvua ilipiga bati na marehemu hakunisikia. Nilipaswa kukohoa au kutoka. Sikukohoa na sikutoka. Nilikaa kwenye debe nikishika kiatu, na mvua ikapungua, na nikasikia ndugu yetu Ndambuki akimwambia mkewe Annah kwamba kazi yake ya ofisini ilikwisha tangu Januari, na kwamba kila asubuhi anavaa tai na kutoka, na hana anapokwenda. Alikuwa analia. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kabla hawajamaliza.

Naomba muelewe kwamba sikucheka mtu. Jambo lile lilinikaa kifuani siku kumi. Nikiwa kibandani, kila mtu aliyepita na tai nilimtazama viatu, nikijiuliza anakwenda wapi.

Jumapili tarehe 6 Mei tulikuwa na ibada ya nyumbani kwa Obura. Mnajua desturi yetu. Tunakaa duara, na maombi yanazunguka, kila mtu na zamu yake. Na mnajua desturi yangu. Zamu ikinifikia, nilikuwa namgusa mkono jirani yangu, naye anaelewa aendelee. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyofanya. Siku hiyo zamu ilinifikia na sikumgusa mtu. Nilifungua kinywa. Nilidhani ni Roho aliyenifungua. Nikaomba kwa sauti, "Bwana, mkumbuke ndugu yetu Ndambuki. Kila asubuhi anatoka amevaa tai, na kazi ilikwisha tangu Januari. Mfungulie mlango mwingine." Watu wakasema "Amina" kwa nguvu, kwa sababu walifurahi kunisikia.

Halafu nikasikia kiti kikisukumwa. Ndambuki alikuwa amekaa ng'ambo ya duara. Alichukua kofia yake akatoka, na Annah akamfuata akaacha sweta yake kitini. Marehemu alikuwa kando yangu. Nilipofungua macho alikuwa ananitazama, na hakuwa na hasira. Alikuwa haelewi.

Sikujua kwamba kumwombea mtu kwa sauti kunaweza kuwa ni kumsema. Niliishi na mwanamke aliyelijua jambo hilo miaka kumi na sita, na sikujua.

Jumamosi tarehe 19 Mei wazee wa kanisa waliketi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wekulo, ambaye yuko hapa nasi, na simlaumu, kwa maana aliuliza maswali ya haki.

"Mama Waruguru," alisema, "ulimwambia mumeo habari za Ndambuki?"

"Mzee, ya Alhamisi siyasemi popote. Hata hapa."

"Na huyu aliyajuaje?"

"Mwulizeni mwenyewe. Yuko hapo."

Alisema hivyo kwa moyo safi, kwa sababu hakujua. Alikuwa na hakika kwamba nikiulizwa nitajibu. Mzee Wekulo akanigeukia. "Fundi, ni mke wako alikuambia?" Nikatazama chini. Niliona viatu vya Mzee Wekulo, ambavyo nilikuwa nimeviwekea soli mpya mwezi wa pili. Aliniuliza mara tatu. Neno lilikuwa moja tu, "Hapana," na lilikataa kutoka. Mara ya tatu akasema, "Kunyamaza kwake kumetosha," na wazee wakaandika kwamba marehemu asipokee watu tena, na kwamba tangazo litasomwa kanisani Jumapili ya tarehe 27.

Katikati ya siku hizo kulikuwa na Alhamisi moja, tarehe 24. Habari zilikuwa zimeshazunguka mtaa, na hakuna aliyekuja. Hata hivyo marehemu alifagia, akaweka zile stuli mbili, akakaa. Mimi nilikuwa nje. Saa kumi na moja niliingia nikakaa kwenye stuli mojawapo. Nikamwambia habari ya mvua na ya pazia.

Alirudia nilichosema, kama kawaida yake. "Umesema ulikuwa jikoni. Umesema hukutoka." Nikasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema."

Ndipo akaniuliza swali ambalo nimeishi nalo mpaka leo. "Baba Waruguru, unaniambia kama mume wangu, au unaniambia kama watu wa Alhamisi?"

Nilielewa vizuri alichouliza. Kama ningesema "kama mume wako," angevaa viatu na kwenda kwa Mzee Wekulo jioni ile ile, na tangazo lisingesomwa. Lakini wangeniita tena. Ningesimama tena mbele yao. Nikasema, "Kama watu wa Alhamisi."

Akasema, "Basi yamekaa hapa."

Jumapili tangazo lilisomwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu, na wimbo ulipoanza baada ya tangazo aliimba beti zote.

Ndugu zangu, hakunisaliti. Miaka saba na miezi minne alilala kando ya mtu aliyemharibia jina na hakumwambia mtu, kwa kuwa mtu huyo alimwambia kwa siri. Baadhi yenu mlimwita mdomo mpana. Mlinyamaza akipita. Alikuja nyumbani akaniambia, "Leo pale mferejini wamenyamaza vizuri sana, ningekuwa na stuli ningewakalisha." Nilimwuliza mara moja kama ana hasira nami. Akasema, "Ninayo. Lakini mimi na hasira yangu tunapika, usiogope kula."

Hakurudisha Alhamisi kwa mlango wa nyuma. Akina mama waliomfuata chekecheani aliwaambia, "Nimekatazwa, mama. Nenda kwa mchungaji, na ukifika usianze na kilichokuuma jana, anza na kile cha kwanza." Mwezi wa nane mwaka 1981 walikuja mume na mke kutoka Kaloleni. Walikuwa wamesikia habari zake zamani na hawakusikia za karibuni. Aliwakatalia mlangoni kwa upole. Walipokwenda alikaa kitandani akalia, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kumwona akilia hivyo. Mwaka uliofuata tulisikia kwamba yule mama ameondoka na watoto na kurudi kwao. Marehemu aliposikia aliendelea kukunja nguo, akizikunja na kuzikunjua. Deni la nyumba hiyo ni langu, si lake.

Mara tatu nilikwenda mpaka lango la kanisa ili niseme. Mara ya kwanza nilikuta harusi. Mara ya pili na ya tatu sikukuta kizuizi chochote, nikageuka. Nilipofika nyumbani alikuwa anajua nilikotoka, na alinipa chai bila kuuliza.

Desemba 1984 alistaafu chekechea kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Tulidhani ni vidonda. Novemba 1985 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walituambia kwamba ni saratani na imeshasambaa. Alipasuliwa mwezi wa kwanza mwaka huu, akapata nafuu hadi Pasaka, kisha akaanza kukonda. Alilazwa tena tarehe 11 Agosti. Hata huko wodini wagonjwa walimgundua. Kila nilipofika nilikuta mtu amevuta stuli karibu na kitanda chake ananong'ona, na ilinibidi nisubiri kwenye varanda. Muuguzi mmoja aliniambia, "Mzee, mke wako ndiye anayetuliza wodi hii, na yeye ndiye mgonjwa zaidi." Nilisubiri kwenye varanda na sikusogea karibu.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 1986, alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Siku iliyofuata nilikwenda mtaa wa Umoja, nyumbani kwa Ndambuki, kwa kuwa jambo hili ni lake kabla ya kuwa la kanisa, na nilikuwa nimeshalisema mara moja bila ruhusa yake. Nilimkuta mezani, na Annah anapiga pasi. Nikasema yote nikiwa nimesimama.

"Miaka saba, fundi?" Ndambuki aliuliza.

"Saba na miezi minne."

"Na mama alijua?"

"Alijua tangu wiki ya tatu."

"Akanyamaza."

"Nilimwomba anyamaze."

Annah aliweka pasi chini. "Nilikuambia," alimwambia mumewe. "Nilikuambia yule mama hawezi. Ukasema tusimsalimie. Nikamnyima mkono hata siku alipomzika mama yake."

Nikamwuliza Ndambuki kama naweza kusema mbele ya watu, na kama nifiche jina lake. Akasema, "Litaje. Kanisa zima lilishalisikia, na siku hiyo hukuwa na haya." Kisha akasema, "Lakini usiandike kwamba nimekusamehe. Hilo bado."

Kwa hiyo sijaandika. Ameomba awe mmoja wa wanaobeba jeneza, na mmemwona. Alhamisi nilimpelekea mchungaji karatasi hii kabla haijachapwa. Aliisoma mara mbili, akasema ichapwe ilivyo.

Basi kanisa liandike kwamba Teresiah Wakiuru hakutoa siri ya mtu. Waliokaa naye Alhamisi walale salama. Maneno yao ameondoka nayo yote, na sisi tuliobaki hatuna hata moja isipokuwa hilo nililoiba.

Marehemu ameniacha mimi mumewe, Bedan Muchiri, na watoto wetu Waruguru, Johnson na Wanjeri. Ameacha mkwe mmoja na mjukuu mmoja, kaka yake Naftaly, na dada zake watatu walioko Kangema. Amewaacha pia Mama Apondi, aliyelea watoto wetu kila Alhamisi miaka sita bila kuuliza kwa nini, na watoto wote wa chekechea. Mungu amlaze kwenye amani ile ile aliyoitafutia nyumba za watu.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa Jumapili tarehe 7 Septemba, saa ya wageni, saa tisa mchana. Alikuwa amefumba macho. Nilikaa ubavuni pake nikamwambia kwamba nitawaambia watu wa kanisa, wote, kwa kinywa changu. Nikamwambia pia ukweli, kwamba naogopa, na kwamba nikisimama mbele yao sauti itanipotea. Alinyoosha mkono akautafuta wangu, na akasema polepole:

"Usiwaogope, Baba Waruguru. Mimi nimekaa nao. Wanaogopa kama wewe."